Mzimu Asiyepewa Jina

Huuuu.

Sauti ile ilitoka ndani ya mtungi wa maji ya mvua, nyuma ya nyumba ya baba yake, ikazunguka tumboni mwa mtungi, kisha ikamrudia ikiwa imezeeka. Lamiat alikuwa na miaka minane. Alikuwa ametumwa kuchota maji ya mwisho yaliyobaki chini, na kwa kuwa mtungi ulimzidi kimo, aliinama mpaka miguu ikaning'inia, na kwa kujifurahisha tu akaita, "Mamaaa." Kilichojibu hakikuwa sauti ya mtoto. Ng'ambo ya mfereji, mwanamke aliyekuwa akifua alisimama wima, akaziacha nguo zikaenda na maji, akakimbia akipiga kelele kwamba kuna mzimu unamlilia mama yake.

Mama alimvuta kwa miguu akamtoa, akampiga kofi moja la mgongoni, kisha akakaa chini akacheka mpaka akatokwa na machozi.

"Mwanangu huyu," alisema, "akikosa mume atakuwa mzimu."

Akavipata vyote viwili.

Alipotimiza miaka kumi na saba alikwenda Bangkok kushona nguo, na juu ya duka la mshonaji palikuwa na chumba cha kikundi cha tamthilia za redio. Siku moja mwanamke aliyekuwa akiigiza kilio cha mzimu alishikwa na mafua, sauti ikamkauka. Mtengeneza sauti wa kikundi, kijana mwembamba aliyeitwa Chamnong, ambaye akigonganisha vifuu vya nazi hupita farasi na akitikisa bati hupiga radi, alishuka ngazi kuuliza kama kati ya washonaji kuna anayejua kulia. Lamiat akasema anajua, ila anahitaji mtungi. Wenzake wakamcheka. Chamnong hakucheka. Alitoka mpaka kwa muuza samaki wa chumvi, akarudi na mtungi begani, unanuka.

"Mzimu bila mtungi," aliwaambia wenzake, "ni mtu mwenye njaa tu."

Wakaoana mvua zilizofuata. Watoto hawakukaa, mimba mbili zilikuja na zote mbili zikaenda zake, na baada ya hapo hawakulizungumza tena jambo hilo. Redio ikazeeka, televisheni ikaja, na ikaonekana kwamba hata sura ya Lamiat ilikuwa imeumbwa kwa kazi ile ile. Shingo ndefu, mashavu ya mifupa, macho mapana yaliyoweza kukaa bila kupepesa mpaka mtu ahesabu tisini. Wahenga walisema kufa kufaana. Kwa miaka arobaini Lamiat alikula kwa kufa. Alizama, alinyongwa, alikufa na mimba, alitiliwa sumu kwenye mchuzi wa nazi, na kila akifa alirudi na nywele zimemwagika usoni.

Sokoni Nonthaburi, alikopanga chumba nyuma ya mabanda ya mboga, walimjua wote. Watoto walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Jongjit, muuza wali wa ndizi uliofungwa kwenye jani, alimngoja kwa hamu siku za bahati nasibu zilipokaribia, maana nani asiyejua kwamba wafu huona namba kabla hazijatoka?

"Mama Mkubwa, leo umekufa saa ngapi?"

"Saa nane. Nikafufuka saa nane na nusu, nikala."

"Nane na nane nusu! Nitacheza themanini na tano."

Akacheza, akaliwa. Asubuhi yake akamnunia. "Mzimu gani huyu mwongo? Wenzako wa kwenye miti wanasema kweli, wewe wa kwenye televisheni umezoea kuigiza tu."

"Wale wamekufa kwa kusomea, mwanangu. Mimi ni kibarua."

Jongjit akacheka, akamtupia kifurushi cha pili cha wali bure, na Lamiat akaenda nacho chumbani. Huko aliweka sahani moja mezani, akafungua televisheni kwa sauti ya chini, akala huku akijitazama anavyotoka kisimani. Mara nyingine yale maneno ya sokoni ndiyo yalikuwa ya kwanza na ya mwisho kwa siku nzima. Siku ambazo hakuwa na kazi wala haja ya kununua kitu alijikuta saa kumi alasiri anakohoa kidogo, kuona tu kama sauti bado ipo.

Katika miaka yote hiyo alikuwa amewasikia waongozaji wakibishana mzimu ni kitu gani. Mmoja alishikilia kwamba hauna kivuli, akamtesa fundi wa taa mchana kutwa. Mwingine alisema miguu yake haigusi ardhi, kwa hiyo Lamiat alisimamishwa juu ya makreti ya soda, sketi ndefu ikayafunika, akateleza mara tatu. Wa tatu alitaka kwanza lisikike ua la mjohoro linanukia, na walipomwambia kwamba televisheni haina harufu, alikasirika, akaamuru waigizaji wote wanuse kwa nguvu. Kulikuwa na mwandishi mmoja ambaye wiki hii mzimu wake ulipenya ukuta, wiki ijayo ukabisha hodi. Watu walipomuuliza kwa nini ubishe hodi wakati unapenya, alibaki kujikuna.

"Labda una adabu," Lamiat alisema kutoka kwenye kiti cha kupambwa.

Wote waliangua kicheko. Yeye hakuwa anatania.

Fikra yake mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Hakuipata kwenye kazi, aliipata hekaluni. Chamnong alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita, moyo ulimsimama akiwa kwenye benchi la duka la tambi, vijiti vya kulia mkononi. Tangu hapo kila siku takatifu Lamiat alibeba chakula cha watawa, akaketi nyuma kabisa karibu na nguzo, na watawa walipoanza kuimba baraka, akainamisha kidumu chake cha shaba. Maji yalishuka uzi mmoja, mwembamba, usiokatika, yakafuata kidole chake mpaka bakulini, naye akataja moyoni jina la mumewe, la kwake na la ukoo, ili thawabu isipotelee njiani. Kisha akatoka nje akayamwaga kwenye shina la mti. Ndivyo wafu wanavyokula. Hula kwa kutajwa.

Hapo ndipo alipofahamu. Mzimu si hasira, wala si nywele usoni. Mzimu ni yule ambaye siku ya maji jina lake halikutoka kinywani mwa mtu. Anakuja mlangoni, anasimama, anasubiri kuitwa. Watu wanakimbia, naye anadhani hakusikika vizuri, basi kesho anakuja karibu zaidi.

Akiwa pale chini ya mti na bakuli tupu mkononi, akili yake kila mara ilikwenda mahali pale pale. Chamnong ana mimi. Mimi nina nani? Wazazi walikwishaondoka. Ndugu hakuzaliwa naye. Nyumba ya kijijini iliuzwa, barabara ya lami imepita juu yake. Atakapokufa, watamchoma, majivu yatawekwa mahali, na siku takatifu itakapofika na vidumu vyote vya ukumbi kuinamishwa pamoja, hakuna uzi hata mmoja utakaokuwa wake.

Mtu mmoja tu angeweza kuombwa. Pikul, mpambaji, alikuwa ameushika uso wake kwa miaka ishirini na miwili. Vidole vya Pikul vilijua kila kipele na kila kovu. Alijua jicho la kushoto hulegea likichoka, alijua Mama Mkubwa haanzi kazi kabla hajapewa maji ya uvuguvugu. Lakini Pikul alikuwa na mume, watoto wawili chuoni, mkwe mgonjwa, na wafu wake mwenyewe foleni nzima. Unamwambiaje mtu kama huyo, nibebe na mimi? Huko kwao haya ya namna hii ni kubwa kuliko njaa. Mtu humwacha mwenzake akanyage kidole chake, akatabasamu, kuliko kumwambia sogea. Mara tatu Lamiat alifumbua kinywa. Mara mbili akaishia kuuliza habari za mkwe. Mara ya tatu Pikul alimkatiza mwenyewe.

"Funga mdomo, Mama Mkubwa, napaka rangi. Maiti gani anaongea hivi?"

Basi akaufunga.

Mwaka ule alipotimiza sitini na tisa, alichukuliwa kwenye tamthilia mpya ya mwongozaji kijana aliyeitwa Khachon. Kijana mwenye heshima, viganja vyake vikikutana kifuani kila alipopita mbele ya mkubwa wake, na mwenye daftari ambamo alikuwa ameandika sheria za mzimu wake. Mzimu huo ulikuwa Bibi wa ghorofani. Ulimwaga mchele, ulifunga milango, ulimsukuma ngazini mjukuu wa mtu aliyemdhulumu.

"Mzimu wangu ni hasira iliyokosa mwili, Mama Mkubwa," alimweleza siku ya kusoma maandishi, akiwa amechuchumaa kando ya kiti chake ili kichwa chake kisipite cha mkubwa wake. "Haufikiri. Unalipiza."

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo bibi."

Khachon alifungua daftari, akalifunga. "Hajapewa jina. Ni mzimu tu."

"Hana jina, basi nani amtaje akimwaga maji? Ndiyo maana hatoki humo ndani, mwanangu. Si hasira. Anasubiri."

Kijana alitafakari, macho yake yakang'aa kwa adabu. "Nzuri sana hiyo. Lakini watazamaji wanataka mtu asukumwe ngazini."

"Basi nitamsukuma," Lamiat alisema. "Polepole."

Sehemu ya nne ilihitaji mazishi ya Bibi yule kabla hajageuka mzimu, na ikapigwa picha kwenye hekalu moja la kando ya mto, huko Pathum Thani, siku takatifu, mchana wa jua kali. Watawa walikataa kuimba, maana haiimbwi kwa maiti asiyekufa, ila waliwapa ukumbi wa misiba. Kikatandikwa kitanda kifupi, maua yakapangwa, picha ya Lamiat ikawekwa kwenye fremu. Mkono wake wa kulia ungetolewa nje ya shuka, kiganja juu, bakuli chini yake, na waombolezaji wangepita mmoja mmoja kuumwagia maji ya manukato, kama wanavyomwagiwa wote siku ya kwanza ya safari.

Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na ubao ambao hekalu huandika jina la marehemu, umri wake, na mwenyeji wa msiba. Mpangaji wa vitu alikwama njiani na gari la vifaa. Khachon, jua linamkimbia, akamkabidhi Pikul chaki kwa sababu ya mwandiko wake mzuri.

"Dada Pikul, andika tu jina lolote."

Pikul alikuwa na sindano za nywele mdomoni, na simu begani inayomwambia mkwe hataki kunywa dawa. Mkono wake ukaandika. Kwa miaka ishirini na miwili mkono huo ulikuwa umeandika jina moja kwenye mkoba wa poda, kwenye kitambaa, kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, nao ukaandika lile unalolijua. Lamiat Thapklang. Miaka sitini na tisa. Mahali pa mwenyeji akaacha wazi, kwa sababu hakukumbuka kwamba panajazwa. Akarudi kwenye simu yake.

Hakuna aliyeuangalia ubao ule, isipokuwa waliokuja kujaza msiba.

Hao walikuwa wazee wanane wa pale pale hekaluni, waliotoka tu kumaliza ibada ya asubuhi, wakaombwa wabaki na nguo zao nyeupe. Kati yao alikuwamo Bibi Thongbai, ambaye umri wake ulibishaniwa hata na wanawe, na ambaye macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli tu. Alisimama mbele ya ubao akamvuta jirani yake mkono.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bibi. Ni televisheni. Tunamwaga maji halafu tunapewa chakula."

"Nimesikia. Nakuuliza ubao unasema nani."

Akasomewa.

"Mwenyeji?"

"Hakuandikwa."

"Masikini," Bibi Thongbai alisema.

Lamiat alilala. Pikul alimpaka poda ya mwisho, nyeupe, kavu, akamfunga kidevu, akamnong'oneza, "Usipumue sana, Mama Mkubwa, shuka inacheza," akaondoka. Kamera ikaanza. Wazee walipita. Wa kwanza alimwaga maji na kunung'unika jambo lisilo na maana, kama alivyoagizwa. Wa pili alikuwa akizuia kicheko. Wa tatu alimwagia kila mahali isipokuwa mkononi. Lamiat alihesabu moyoni, alikuwa amezoea. Mauti ya televisheni hayadumu zaidi ya dakika mbili.

Kisha mkono mkavu, mwepesi kama ganda la ndizi, ukapapasa ukapata kiganja chake, ukatulia hapo.

"Lamiat," Bibi Thongbai alisema.

Hakunung'unika. Alisema kama mtu anayemwita mwenzake dirishani.

"Lamiat Thapklang. Mdogo wangu, hatujuani. Kama nilikukosea kwa tendo, kwa neno au kwa wazo, hata katika maisha tuliyoyasahau, nisamehe. Nawe kama ulinikosea, nimekwishakusamehe. Nimeambiwa mahali pa mwenyeji wako pako wazi. Usijali. Siku takatifu nikimwaga maji nitakutaja baada ya mume wangu na kabla ya dada yangu, pana nafasi hapo. Nenda zako salama, usigeuke nyuma."

Maji yakaja. Yalikuwa ya vuguvugu kwa jua, yananukia yasmini, yalishuka polepole, uzi mmoja usiokatika, yakajaza kiganja, yakapita kati ya vidole. Jirani alimgusa kiwiko bibi kizee asogee, hakusogea mpaka kikombe kikaisha.

Khachon nyuma ya kamera alikuwa ameinua mkono mtu asithubutu kukohoa. Waliobaki walipita. Lamiat hakuwahesabu. Kitu ndani ya kifua chake, kilichokuwa kimesimama mlangoni miaka kumi na mmoja, kilikuwa kimekaa chini.

"Kata! Safi! Safi kabisa!" Khachon alishangilia. "Bibi yule nani amempata?" Akarudisha picha kwenye kioo kidogo kuitazama, kamera ikaonekana inaanzia mlangoni, inapita ubaoni, taratibu, herufi kwa herufi.

Akaisimamisha picha. Fundi wa taa akasogea kuchungulia, naye akageuka kuutazama ubao. Ukumbi mzima ukanyamaza, safu kwa safu, kama taa zinazozimwa.

"Nani ameandika jina lake kweli?"

Pikul alitazama ubao. Chaki ilikuwa bado mfukoni mwa aproni yake. Rangi ikamtoka usoni kuliko poda ingeweza kuitoa. Jina la mtu hai kwenye ubao wa maiti, picha yake juu, na maji yamekwishamwagwa, tena na mcha Mungu, tena siku takatifu. Hapo hakuna mtu wa tamthilia asiyejua maana yake.

"Futa!" mmoja alisema. "Usifute, kwanza acheke!" mwingine akasema. "Mama Mkubwa, cheka! Cheka haraka!"

Maana hiyo ndiyo dawa, na ni ya siku zote. Kila mwigizaji anayelala maiti, onyesho likiisha, lazima ainuke aitazame kamera acheke, ili mauti yaliyoitwa kwa mchezo yajue kwamba ulikuwa mchezo, yaende zao. Lamiat alikuwa amecheka mara arobaini na kitu. Vicheko vyake vilisifiwa. Kuna aliyesema mauti yakisikia kicheko cha Mama Mkubwa huona haya yenyewe.

Sasa alilala, macho wazi, akitazama boriti.

Kucheka ni kusema nilikuwa nacheza. Akicheka, alikuwa anacheza. Na kama alikuwa anacheza, basi hakukuwa na Lamiat aliyeitwa, wala nafasi baada ya mume na kabla ya dada. Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema. Haya yangezoleka. Kicheko kimoja tu kingeyazoa yote, tone kwa tone, kiganja kibaki kikavu.

"Mama Mkubwa?" Khachon alisema, sauti imebadilika.

 Wazee wa kujaza msiba walianza kusogeana. Fundi wa taa alishika hirizi shingoni.

Pikul alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa analia, lakini alijivuta nyuma ili machozi yasimdondokee, hata katika hofu hakusahau kwamba machozi hayatakiwi kumwangukia maiti.

"Mama Mkubwa, cheka. Nakuomba. Nimeandika mimi. Sikufikiri, mkono umeandika tu. Ukipatwa na jambo nimekuua mimi, nitaishije? Kila siku takatifu nitakuwa nakuona. Cheka, hata kidogo. Nitukane basi, halafu cheka."

Lamiat aligeuza macho akamtazama. Uso ule aliuona kila siku ya kazi, lakini daima ukiwa juu, umekunja nyusi kutafuta dosari. Hakuwahi kuuona kutoka chini hivi, umevimba, makamasi yanachuruzika. Mzigo wa nusu ya uzito huu ndio aliouogopa kumtwisha miaka yote, na sasa ameutwaa mwenyewe bila kuombwa.

Hapana. Mtu hamwachii mwenzake kitu kama hiki.

Akainuka akaketi. Akafungua kitambaa cha kidevu, akaitazama kamera moja kwa moja, akacheka. Alicheka kicheko chake chote, kile kipana, kutoka tumboni, mpaka njiwa wa paa la ukumbi wakaruka. Watu wakapiga makofi, wakashukuru, wengine wakacheka naye kwa faraja tu. Fundi wa taa alikwishaufuta ubao kwa shati lake.

Bibi Thongbai, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akila wali wake, aligeuza kichwa.

"Eeh! Nani anacheka? Ni yule?"

"Ndiye, Bibi. Mzima wa afya."

"Kumbe mzima! Na mimi nimempa nafasi yangu!" Akapapasa hewani kama anayerudisha kitu kikapuni. "Haya, nimeyachukua maneno yangu. Mtu hai hatajwi pamoja na wafu, ni nuksi hiyo, nitakuja kumuua bure. Samahani, mdogo wangu. Wewe uliyetoka huko, hebu nipe basi namba mbili."

Ukumbi ukaangua kicheko. Lamiat akampa sitini na tisa, akakutanisha viganja, akamshukuru mpaka paji la uso likagusa vidole.

Walibaki wawili kwenye ngazi za nyuma zinazotazama mto, kwenye kivuli, watu wakibeba taa na nyaya. Pikul alikuwa akimfuta poda kwa pamba na mafuta. Kuanzia paji la uso, taratibu, rangi ya mtu ikawa inarudi. Alikuwa anaomba radhi kwa kila kipande cha pamba.

"Sijui nilikuwa wapi, Mama Mkubwa. Kesho nitanunua samaki hai, tuwaachie mtoni kwa jina lako, kuondoa mkosi. Nitamuuliza mtawa nini kingine. Chochote utakachosema nitafanya. Mbona ulikawia kucheka? Ulinitia hofu."

Lamiat alikuwa ameulaza mkono wa kulia pajani, kiganja juu. Kilikwishakauka.

"Pikul."

"Naam. Usitikisike, nafika mdomoni."

Pamba ilikuja karibu na midomo. Safari hii Lamiat aliushika mkono ule, akaushusha polepole, asiuumize, akaushikilia. Mto ulikuwa unapita na magugu yake, hakumtazama Pikul, aliyatazama magugu.  Aliposema, alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba Pikul ilimbidi ainamishe kichwa.

"Maji ya leo yamerudi kwa mwenyewe, umesikia. Siku yangu ya kweli ikifika, unimwagie wewe. Kidogo tu, mwanangu. Hata ya bomba."